Udongo wa Ukuta wa Nyuma

Kambi ya Reli, Itigi
3 Septemba 1995

Baba mpendwa, shikamoo.

Natumaini umeshamaliza kuvuna na mgongo umepoa. Huku kwetu tunakwenda hivyo hivyo. Innocent anakusalimu sana. Genge lao la reli limesogezwa mbali, anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa midomo imempasuka kwa jua. Kuna maneno kwamba wafanyakazi watapunguzwa, basi kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mimi cherehani yangu bado ni nzima. Nashona vigauni vya watoto na kuviuza stesheni treni ikisimama.

Sasa, Baba, ninalotaka kuandika lilipaswa kwenda kwa Mama, lakini Mama hayupo, kwa hiyo utanivumilia. Nina mimba ya miezi minne. Nilichelewa kukuambia kwa sababu ya ile iliyotoka mwaka juzi, nilitaka kwanza hii ishike. Imeshika.

Shida yangu ni udongo. Usicheke. Hapa sokoni unauzwa, lakini umechomwa, una ladha ya moshi, nautafuna na kuutema. Ninaoutaka ni ule wa ghala lenu la pamba, ukuta wa nyuma. Nakumbuka Mama akiumega na kunipa kipande, akaniambia nisimwambie mtu. Siku hizi naamka harufu yake iko puani na sina raha mpaka jioni. Najua kumwomba baba mzazi udongo ni aibu, na mama mkwe akisikia atanisema mwaka mzima. Lakini mwenye funguo ni wewe. Nikatie kidogo umpe mtu wa lori.

Mwanao,
Loyce


Kinyangiri, Iramba
24 Septemba 1995

Mwanangu Loyce,

Marahaba. Tena marahaba ya pili, hiyo ni ya aliye tumboni, ajizoeze mapema kunisalimu.

Nimefurahi hadi nimekosa pa kukaa. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikitembea. Na kuhusu aibu, ondoa shaka. Unadhani ni wewe wa kwanza? Wajawazito wote wa hapa hupita kwangu. Miaka ishirini nimeshika funguo za ghala la chama cha ushirika, nadhani nimegawa udongo mwingi kuliko pamba niliyopokea. Jirani yetu Raheli ananiita Bwana Udongo, nami naitika.

Ghala lenyewe limebaki gofu. Tangu soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao, wanaitundika mtini, wananunua pamba na kuondoka siku hiyo hiyo. Chama kimebaki jina na muhuri. Lakini mimi kila asubuhi navaa koti langu la khaki, naenda, nafungua, nafagia, nafunga. Ndani kuna magunia matupu na yale madebe ya dawa ya pamba kule nyuma, yameshika kutu. Nisipolinda mimi, vitaibwa vyote.

Nimekukatia ukuta wa nyuma, pale chini penye kivuli, alipopapenda mama yako. Yeye nilikuwa namletea jioni, kwenye mfuko wa koti hili hili. Alikuwa hanipokei mimi, anapokea mfuko kwanza. Nimeuanika juani, nimeufunga kwa gazeti na kumpa Gaspari wa lori la vitunguu. Kula mwanangu, lakini usinimalizie ukuta.

Wako,
Baba Laurenti


Itigi
29 Oktoba 1995

Baba, shikamoo.

Gaspari amefika salama na mzigo umefika salama. Kipande cha kwanza nilikula pale pale barabarani, mbele za watu, mwanamke mzima na kitambaa changu kichwani. Tangu siku hiyo nimetulia kidogo. Innocent anasema nanukia ghala, lakini anasema akicheka.

Kliniki wanasema damu ni ndogo. Kichwa kinaniuma mara kwa mara, mate yananijaa mdomoni, na kope la kushoto linacheza lenyewe hata nikilibana kwa kidole. Muuguzi anasema ni mimba tu. Basi ni mimba. Udongo umekaribia kwisha, nikitaka kusema kweli umekwisha. Ukipata nafasi nikatie mwingine, furushi kubwa kuliko la kwanza.

Nina jambo jingine. Wiki iliyopita nilimwona Mjomba Mathayo sokoni, amekuja na asali kutoka Mitundu. Alinipokea vizuri, akanipa kopo zima. Nilipomwambia nimepata barua kutoka kwako, alianza kufunga madumu yake huku wateja bado wamesimama. Mlikosana nini ninyi wawili? Mama amekufa hajaniambia, na mimi nakaa karibu na Mjomba kuliko mtu yeyote wa damu yangu.

Akiwa wa kiume, Innocent amekubali atachukua jina lako. Nilitaka kukuficha nimeshindwa.

Loyce


Kinyangiri
30 Novemba 1995

Mwanangu,

Marahaba. Habari ya jina nimeipokea na sijui niiweke wapi. Nimewaambia watu wawili tu, nao wameshawaambia wengine wote.

Mvua zimeanza. Ile kona ya nyuma ya ghala imeanguka nusu. Kuku wangu wote saba wamekufa ndani ya wiki moja. Ni kideri, hupita kila mwaka. Nimewafukia, na sasa asubuhi hapa kwangu ni kimya.

Bwana shamba Simeoni alifika juzi. Siku hizi ameajiriwa na mnunuzi mmoja wa pamba, alitumwa kuangalia kama ghala letu linafaa kukodiwa. Alizungumza mengi ya kitaalamu pale mlangoni, nisikuchoshe nayo. Hawatalikodi.

Ya Mathayo ni mambo ya zamani ya watu wazima, yaache yalipo.

Furushi hili ni kubwa kama ulivyotaka. Lilikuwa limeshafungwa. Ule kwa kiasi, mwanangu.

Baba yako


Itigi
11 Februari 1996

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Kalamu nilikuwa nayo, nguvu ndiyo sikuwa nayo. Innocent ni mzima na kazi bado anayo. Mama mkwe yuko hapa tangu Krismasi. Gaspari alileta furushi lako la pili, nimelila lote isipokuwa vipande vichache.

Nimejifungua tarehe 14 Januari, mtoto wa kiume, wiki tatu kabla ya siku zake. Alikuwa na kilo moja na robo tatu. Alipolia, sauti ilikuwa nyembamba nikadhani ni ya mtoto wa kitanda cha jirani. Siku ya pili mikono ikaanza kutetemeka, kisha kidevu, kisha mwili mzima. Ukimshika kwa nguvu anatulia, ukimwachia anaanza tena. Kunyonya hawezi. Nakamua maziwa kwenye kikombe na kumdondoshea kwa kijiko, na nusu yanarudi puani. Mama mkwe anasema ni degedege, anataka tumtoe hospitali tukamfukize. Nimekataa. Nimemwambia akimgusa tutakosana, na sijawahi kusema na mtu mzima namna ile.

Daktari anaitwa Chediel, ni kijana lakini ana subira. Aliniuliza nilimeza dawa gani, nyumbani tulipulizia nini, nilikula nini. Nikasema nilikula kama watu. Muuguzi akaguna, akaniuliza, na udongo je? Nikafungua pindo la khanga nikatoa kipande. Daktari alikivunja, akakinusa, akauliza ni cha ukuta gani. Nikamwambia ni ukuta wa ghala la pamba ambalo baba yangu ameshika funguo miaka ishirini. Nilisema kwa majivuno, Baba. Akaacha kuandika. Akasema hapa hakuna kipimo cha kuonyesha kitu hicho, na hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini nisiutie tena mdomoni.

Kwa hiyo nakuuliza na naomba unijibu moja moja. Nyuma ya ukuta ule paliwekwa nini, na kwa muda gani? Kuku wako walipokufa, wa majirani nao walikufa? Na Mama alipokuwa na mimba ya Benjamini, alikula ukuta huo huo?

Benjamini nilimpakata kabla hajafa. Nilikuwa na miaka saba. Nakikumbuka kidevu chake.

Jina bado hatujampa.

Loyce


Kinyangiri
20 Machi 1996

Mwanangu Loyce,

Marahaba. Nimepata mjukuu, Mungu ashukuriwe. Nimetangaza kanisani na watu wamepiga makofi. Huku mvua ni nyingi kupita kiasi. Daraja lilikatika, lori la Gaspari likakaa ng'ambo siku tisa, ndiyo maana nimechelewa. Uwele umesimama vizuri, viazi vimeoza. Raheli ni mjamzito tena, anakusalimu. Paa langu linavuja upande wa kitanda, nimehamishia kitanda upande wa pili, sasa linavuja huko.

Kuhusu maswali yako, barua ilinyeshewa njiani. Ukurasa wa pili wino umechuruzika, sikuweza kuusoma vizuri. Nadhani ulikuwa unauliza habari za kuku. Nimenunua wengine watatu, nawafungia ndani.

Mtoto mchanga kutetemeka si ajabu. Wewe mwenyewe ulizaliwa wakati wa baridi na ulikuwa ukitetemeka vizuri tu, na leo unashona magauni. Madaktari wa siku hizi wakikosa dawa wanatafuta wa kumlaumu. Mfunike vizuri, na wewe kula ushibe.

Udongo uliobaki utupe tu, kwa kuwa umeshajifungua hauna kazi tena. Uchimbie shimo, kuku wasiufikie.

Nimemtumia blanketi, na samli ni yako. Jina hukuliandika. Natumaini ni lile tuliloahidiana.

Baba yako


Itigi
21 Aprili 1996

Baba, shikamoo. Naiandika kwa sababu mlinilea vizuri.

Blanketi limefika. Innocent amehamishwa genge tena.

Barua yangu niliifunga kwa nailoni mbili. Gaspari ameniapia kwamba alikukabidhi kavu, ukaifungua mbele yake, ukaikunja na kuitia mfukoni. Basi tusidanganyane habari ya mvua. Na kama ugonjwa ulikuwa kideri, kwa nini kuku wasiufikie udongo wangu?

Kabla sijaendelea nina langu la kusema, maana sikuandikii kama mtu safi. Daktari aliponikataza niliacha siku nne. Ya tano nilirudia, nimejifungia chooni, na huku namkamulia mtoto maziwa yangu. Nilikuwa na vile vipande, nikawa navilamba tu ili visiishe. Niliendelea hadi ilipofika barua yako ya Machi, ile ya kuku wasiufikie. Siku hiyo nilivichimbia shimo nikatapika juu yake. Innocent hajui. Naona haya hadi sasa ninavyoandika. Lakini mimi nilikuwa nikijua nusu, na nusu ya pili ulikuwa nayo wewe.

Nimekwenda Mitundu na mtoto mgongoni. Mjomba Mathayo alimpakata, akamfunua mikono, akamtazama muda mrefu, akasema huyu anatetemeka vile vile kama wale. Nikamuuliza wale kina nani. Akasema Benjamini, na yule wa kike aliyemfuata, aliyezikwa kabla ya kupewa jina. Akaniambia kwamba kwenye msiba wa yule wa kike ulimwambia Mama neno mbele ya watu, na tangu siku hiyo ndugu zake Mama hawajakanyaga kwako. Nilimwomba aniambie ni neno gani. Akakataa. Akasema mwenye neno ni mzima, nikamuulize.

Nimekaa na cherehani nikiwaza miaka. Mimi nilizaliwa sabini. Funguo za ghala ulipewa sabini na tano, nakumbuka ulivyorudi nazo zikining'inia kiunoni na Mama akakupikia kuku. Benjamini ni sabini na saba, yule wa kike ni themanini. Mimi peke yangu nimepona, na mimi peke yangu nilizaliwa kabla ya ghala.

Mtoto ana miezi mitatu na shingo haijakaza. Kutetemeka kumepungua, kunarudi akishtuka. Mimi siwezi kukaa mahali. Nashona mshono mmoja nasimama kumtazama, nakaa, nasimama tena, na gauni la mteja nimelishona mkono mmoja nje ndani. Nina hasira na wewe, Baba, na nakupenda, na vyote viwili vinanichosha.

Jina lako bado nimelishikilia. Nijibu, au usiniandikie tena.

Loyce


Kinyangiri
2 Juni 1996

Mwanangu Loyce,

Marahaba. Nimeitikia kwa shida.

Nimeanza barua hii mara nne na kuichana. Habari za nyumbani leo nitaziruka, hazina maana. Barua yako haikunyeshewa.

Nyuma ya ukuta ule tuliweka dawa ya pamba, ya unga na ya maji, kila msimu, kwa miaka ishirini. Madebe yalikuwa yakivuja. Sakafu ni udongo na ukuta ni udongo, kilichomwagika kilinyonywa, nasi tulishukuru kwamba hakuna tope. Ile harufu mnayoipenda ninyi wanawake siwezi kukuambia kama ni ya mvua au ya dawa. Nimeinusa muda mrefu, sijui tena kuitenganisha.

Kuku wa majirani hawakufa hata mmoja. Walikufa wa kwangu, waliokuwa wakiparua pale kona ilipoanguka. Nilijua si kideri tangu siku ya pili.

Na mama yako alikula ukuta huo huo. Mimi ndiye niliyemletea.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Simeoni alipokuja mwezi wa kumi na moja, alisimama mlangoni, hakuingia. Alipoona nilivyochimba pale chini, aliniuliza ni panya? Nikamwambia ni wajawazito. Akanishika mkono akaniambia, "Mzee, ukuta huu umekunywa dawa miaka ishirini. Hata mbuzi wako asiulambe." Furushi lako lilikuwa limeshafungwa, liko kwenye benchi. Siku ya tatu Gaspari akapiga honi. Nililitazama lile furushi, nikalichukua, nikampa.

Nimejiuliza kwa nini. Simeoni aliposema, sikukuwaza wewe kwanza, nisamehe. Nilimuwaza mama yako Selina. Niliona kwamba kama maneno ya yule kijana ni kweli kwako, basi ni kweli kwa Benjamini na kwa yule mdogo wake, na mimi ndiye niliyebeba kifo chao mfukoni jioni baada ya jioni nikicheka. Hapo nikaamua kwamba si kweli. Nilikutumia furushi ili lisiwe kweli. Kitendo cha kijinga kuliko hicho sijakifanya, na nimefanya vingi.

Neno umeliuliza. Nilimwambia, "Damu ya kwenu ndiyo inayoniulia watoto." Nilisema mbele ya Mathayo na kaka zake, na mtoto hajazikwa. Mama yako aliishi nami miaka minane baada ya siku ile, akapika, akalifua koti langu, akanisalimu asubuhi. Hakuniomba udongo tena, wala hakushika mimba tena. Nilimzika bila kulifuta neno lile. Nilikuwa nikijiambia amelisahau.

Tangu barua yako ya Februari niliacha kuwagawia watu udongo, lakini sikusema kwa nini. Nilifunga na kunyamaza. Mwezi uliopita nilizunguka nyuma ya ghala nikamkuta Raheli na tumbo lake la miezi saba, amepiga magoti, anakwangua kwa kisu cha mboga. Akaniambia, "Bwana Udongo, siku hizi umekuwa mchoyo." Nikakaa chini pale pale kwenye matope. Nikamwambia yote, ya dawa, ya kuku, ya mtoto wako, ya wanangu. Alitema kilichokuwa mdomoni. Kisha akaniuliza kuhusu mwanawe aliyekufa mwaka wa tisini. Nilimwambia tu kwamba hata huyo nilimkatia mimi.

Baada ya hapo nimekwenda nyumba kwa nyumba, kwa wote niliokumbuka. Mmoja alinifungia mlango. Mmoja alinicheka, akasema mama yake na bibi yake walikula udongo. Mmoja alinikaribisha uji, na huo ulikuwa mgumu kuumeza kuliko mlango uliofungwa. Simeoni alikataza tusibomoe ukuta, vumbi lake litawafikia wote, basi tumeuzungushia miiba pande zote. Wilayani nimeandika waje kuuondoa pamoja na madebe. Hawajaja. Funguo nimezirudisha kwa mwenyekiti, na kiuno changu ni chepesi kama si changu.

Raheli namtazama kila siku kwa mbali. Bado hajajifungua. Sina amani.

Lori la Gaspari litakwenda huko mwisho wa mwezi huu. Nitashuka Itigi, lakini sitafika kwako kwanza. Nitatafuta usafiri hadi Mitundu, nimkabili Mathayo, nimwambie lile neno nilirudishe. Mtoto sitamshika kabla ya hapo. Na jina langu usimpe kama linakukera. Nitaelewa, ingawa itaniuma.

Baba yako,
Laurenti


Itigi
16 Juni 1996

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika kavu.

Nimeisoma nikalia, kisha nikakasirika, kisha nikaanza kukuhurumia, na bado sijamaliza lolote kati ya hayo. Nimemwambia Innocent langu la chooni. Alitoka nje akaanza kutengeneza mlango ambao haukuwa na ubovu, akautengeneza siku nzima. Jioni akampakata mtoto, akaniletea chai. Hamu ya ukuta ule bado ninayo. Ikinijia nafunga cherehani natembea hadi stesheni na kurudi. Raheli akijifungua niandikie siku hiyo hiyo, hata mstari mmoja, hata kama ni wa kuumiza.

Daktari Chediel bado anataka kumwona mtoto kila mwezi. Shingo ndiyo kwanza inaanza kukaza, amechelewa, na daktari hajui atachelewa mangapi mengine. Anasema tungoje. Kungoja siwezi, lakini nangoja. Ananyonya mwenyewe sasa, na anavuta kweli. Juzi alishika futi yangu ya kushonea, akaing'ang'ania, na mkono wake haukutetemeka. Sikuthubutu kuivuta mpaka alipoiachia mwenyewe.

Mjomba Mathayo alipokuja sokoni nilimsomea barua yako yote. Aliniomba nirudie pale pa Mama, pale pa kulifua koti. Nikarudia. Akachukua kofia akaondoka. Jana ametuma mtu kuniuliza lori linafika siku gani. Basi usihangaike kwenda Mitundu, atakuwa hapa kwangu. Neno lile utalirudisha hapa, mimi nikisikia na mtoto akiwepo. Jina tutalisema baada ya hapo, tukiwa wote.

Njoo na shati lolote. Mtoto sasa anashika kila kitu na kukipeleka mdomoni. Koti lile usije nalo.

Mwanao,
Loyce